Mshahara Unaotajwa na Mshahara Unaolala Nyumbani



Tunaandika wawili, mume na mke, ingawa kalamu ameishika mama. Haya tunayoyasimulia tuliyapitia pamoja, nasi tukakubaliana kwamba yakiandikwa yaandikwe kwa "sisi". Pale itakapobidi kututofautisha, tutasema "mama" na "baba", kama watoto wetu wanavyotuita.

Ilikuwa mwezi Juni 2023. Tulikuwa tunaishi Kihonda, mjini Morogoro, katika nyumba ndogo tuliyoijenga kwa miaka mingi, tofali kwa tofali. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Mama alikuwa mtunza hesabu katika nyumba moja ya wageni, kwa mshahara wa shilingi 450,000 kwa mwezi. Watoto wetu ni watatu. Wa kwanza alikuwa darasa la saba, wa pili darasa la tatu, na wa tatu alikuwa na miezi mitano, bado ananyonya. Mama mzazi wa baba aliishi nasi, naye ndiye aliyebaki na mtoto mchana.

Jioni moja mama alirudi kazini akiwa na uso wa mtu mwenye habari. Mgeni mmoja aliyezoea kulala pale, meneja wa kampuni ya vifaa vya ujenzi ya Dar es Salaam, alikuwa ameona jinsi vitabu vya hesabu vinavyotunzwa, akasema: "Mama, njoo kwetu. Tutakulipa 900,000. Anza mwezi ujao."

Mara mbili ya mshahara! Tulishikana mikono pale jikoni, tukamshukuru Mungu kwa sauti, hata bibi akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Usiku ule tulianza kupanga mabati mapya, ada ya sekondari, hata kochi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali.

Jeraha la zamani

Asubuhi furaha ilikuwa imepungua, na sababu tuliijua sote wawili bila kuitaja.

Mwaka 2015 mama aliwahi kuitwa kazini na tajiri mmoja katika wilaya ya jirani. Ahadi ilikuwa 400,000 kwa mwezi na nyumba ya kuishi. Ahadi ile ilikuwa ya mdomo. Tuliuza cherehani na viti vyetu ili kupata nauli na mtaji wa kuanzia. Mama alipofika, mshahara ukageuka kuwa 200,000, na nyumba ikawa chumba cha nyuma ya ghala. Baada ya miezi minne alirudi nyumbani akiwa hajalipwa mishahara ya miezi miwili. Tuliona haya, tukanyamaza. Tulidhani kwamba asiye na karatasi hana haki.

Baadaye tulijifunza kwamba tulikosea mara mbili. Kwanza, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na ukitokea ubishi wa masharti ambayo hayakuandikwa, mwenye mzigo wa kuthibitisha ni mwajiri. Pili, madai ya mshahara kama yale hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na anayelalamikia kuachishwa kazi hupewa siku 30. Siku zetu 60 zilipita tukiwa tumekaa kimya, tunaona aibu mbele ya majirani.

Kwa hiyo tulipoamka ile asubuhi ya Juni, kila mmoja wetu alikuwa anaiona cherehani ile. Baba alivaa viatu vyake akaenda shuleni bila kumaliza chai.

Siku tatu za kimya

Ndugu msomaji, tungependa kusema kwamba tulipiga magoti siku ileile na amani ikaja. Haikuwa hivyo. Baba alikaa kimya siku tatu. Mama alidhani anaiogopa Dar es Salaam, naye akaanza kukasirika moyoni, akisema, "Nafasi ikija kwa mwanamke, mume hununa."

Usiku wa tatu, watoto wakiwa wamelala, baba alisema: "Mke wangu, niseme ukweli. Yale ya 2015 yananiogopesha, ndiyo. Lakini kinachoniuma zaidi ni hiyo 900,000. Utanizidi mshahara. Watu wataniangalia vipi?"

Kusema vile kwa mwanamume si rahisi. Mama angeweza kumcheka, au kumjibu kwa ukali ambao alikuwa ameuandaa siku tatu. Badala yake alimwambia: "Mimi nami niseme wangu. Nimechoka kuhesabu shuka za wageni. Nilisomea uhasibu. Nataka kazi hii, na ninaona aibu kuitaka wakati nina mtoto wa miezi mitano."

Basi tukawa tumetoa yaliyokuwa moyoni. Usiku ule ndipo tulipoomba kweli. Hatukumwomba Mungu atupe kazi ile. Tulimwomba atusaidie kuiona jinsi ilivyo, ili hofu isitufumbe macho, na tamaa nayo isitufumbe.

Kalamu, karatasi na mama mmoja mstaafu

Katika usharika wetu yuko mama mmoja, mzee wa kanisa, aliyekuwa mhasibu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Tulimwendea Jumapili baada ya ibada. Tulimwamkia, tukaketi mkekani, tukaeleza. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Wanangu, 900,000 hiyo ni ya kutajwa au ya kulala nyumbani?"

Hatukuelewa. Akamtuma mjukuu alete daftari na kalamu.

Alianza na mshahara wa zamani. Katika 450,000 unatoka mchango wa NSSF, asilimia 10, yaani 45,000. Inabaki 405,000. Kwa viwango vya kodi vya mwaka ule, 270,000 za kwanza hazikatwi kodi, na zinazofuata hukatwa asilimia 8. Kodi ikawa 10,800. Zilizolala nyumbani zilikuwa 394,200.

Kisha akafanya mshahara mpya. NSSF ni 90,000, inabaki 810,000. Kodi hupanda ngazi kadiri mshahara unavyopanda, na hapo ikafika 80,500. Zitakazolala nyumbani ni 729,500.

"Kwa hiyo," akasema, "nyongeza yenu si 450,000. Ni 335,300. Sasa niambieni gharama za huko."

Tukaanza kutaja naye akiandika. Nyumba yetu ya Kihonda hatuilipii kodi, lakini vyumba viwili Gongo la Mboto tulikuwa tumeambiwa ni 120,000 kwa mwezi. Daladala ni magari mawili kwenda na mawili kurudi, kwa nauli ya 500 ya wakati ule, siku 26 za kazi: 52,000. Msichana wa kukaa na mtoto, kwa kuwa bibi asingeweza kuhama: 80,000. Chakula cha mchana kazini, 2,500 kwa siku: 65,000. Umeme, maji na mkaa wa jiko la pili: 60,000. Basi la kuja kuwaona watoto wawili wakubwa, mara mbili kwa mwezi: 40,000.

Alipiga mstari chini akajumlisha. Ilikuwa 417,000.

Tuliiangalia ile namba tukakosa la kusema. Kwa kazi ya mshahara mara mbili, nyumba yetu ingepungukiwa 81,700 kila mwezi, familia ikiwa imegawanyika, na mtoto wa miezi mitano ametolewa mikononi mwa bibi yake. Kama tungekubali usiku ule jikoni, tungehama kwa shangwe kwenda kwenye umaskini.

Baba alisema, "Basi, tumwambie hapana." Katika sauti yake mlikuwa na nafuu kidogo, na mama aliisikia.

Yule mama mstaafu akatikisa kichwa. "Mmeambiwa bei, hamjaambiwa kwamba ndiyo bei ya mwisho. Sokoni mnaambiwa bei ya nyanya mnaondoka? Mnaongea. Kwa nini mtu aongee kwa ajili ya sado ya nyanya, asiongee kwa ajili ya jasho lake?"

Kuomba si kukosa imani

Hapo ndipo lilipokuwa pingamizi letu kubwa. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mwanamke Mkristo anapokea anachopewa na kushukuru. Kusema "naomba zaidi" kulionekana kama kiburi, tena kama kumjaribu Mungu aliyefungua mlango.

Mama mzee alitupeleka kwa Nehemia, sura ya 2. Nehemia alikuwa mtumishi wa mfalme, mbali na kwao. Mfalme alipomuuliza anataka nini, alimwomba kwanza Mungu wa mbinguni, kisha akajibu. Na tazameni jinsi alivyojibu! Alitaja muda atakaokuwa safarini. Aliomba barua za kuwapelekea watawala wa njiani. Aliomba barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe miti ya malango, ya ukuta, na ya nyumba atakayoishi mwenyewe. Alikuwa ameshafanya hesabu yake. Maombi yalimpa ujasiri wa kusema, na maandalizi yakampa la kusema.

Tukakumbuka na mabinti watano wa Selofehadi, katika Hesabu 27, waliosimama mbele ya Musa na mkutano wote wakadai sehemu katika urithi wa baba yao. Bwana mwenyewe alisema kwamba wamesema haki. Tukamkumbuka Yakobo kwa upande wa pili, ambaye alilalamika kwamba Labani alimbadilishia ujira mara kumi. Sisi tulimjua Labani. Tulikutana naye mwaka 2015.

Orodha yetu

Wiki ile tuliandika orodha, kila usiku kidogo. Tulitenganisha vitu vya aina tatu, na tunawashauri nanyi mfanye hivyo.

Kwanza, mambo ambayo ni haki yetu kwa sheria. Hayo hayaombwi kama fadhili, yanakumbushwa kwa adabu. Meneja alikuwa amesema kazi ni Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Ukitoa saa moja ya chakula, hizo ni saa 54 kwa wiki. Sheria inasema saa za kawaida zisizidi 45, na za ziada zilipwe mara moja na nusu. Alikuwa amesema pia kwamba NSSF itaanza baada ya miezi sita ya majaribio. Lakini mfanyakazi aliye kwenye majaribio ni mfanyakazi, na mchango wake unaanza na mshahara wa kwanza. Pia mama anayenyonyesha anaruhusiwa muda wa kunyonyesha katika saa za kazi, usiozidi saa mbili kwa siku. Likizo ya mwaka ni siku 28. Na yote yawe kwenye maandishi.

Pili, mambo ambayo bila hayo tusingeweza kwenda. Hayo yalikuwa mawili. Tarehe ya kuanza iwe baada ya mtihani wa darasa la saba wa Septemba, kwa sababu tusingemvuruga mtoto katika miezi ile. Na mshahara uwe wa kutosha ili nyumba isipungukiwe.

Tatu, mambo ambayo tungependa tukiyapata, lakini tukiyakosa hatufi. Tulitaka kampuni ilipe kodi ya nyumba ya miezi sita ambayo mwenye nyumba aliidai kwa mkupuo, 720,000. Tulitaka pia ahadi ya kupandishwa cheo baada ya mwaka.

Tulikubaliana na jambo moja zaidi, nalo ndilo lililotulinda. Tulikubaliana mapema, kabla mama hajaingia katika ofisi ile, kwamba yale mawili ya kundi la pili yakikataliwa, tutasema ahsante na kurudi Kihonda bila kulaumiana.

Tuliamua kuomba 1,200,000. Baada ya NSSF na kodi zingelala nyumbani 928,000, na baada ya gharama mpya zote tungebakiwa na nafuu ya 116,800 kwa mwezi.

Siku ya mazungumzo

Tulipanda basi la alfajiri. Baba aliomba ruhusa kazini akaja, akambeba mtoto, akabaki nje ya geti chini ya mwarobaini. Mama aliingia peke yake na karatasi moja.

Alianza kwa kushukuru. Alisema anaitaka kazi ile, na kwamba anaamini ataifanya vizuri, na akaeleza kwa nini: miaka 11 ya kutunza hesabu bila upungufu hata mmoja wakati wa ukaguzi. Kisha akasema, "Mzee, naomba nikuonyeshe hesabu ya nyumbani kwangu, maana hesabu ndiyo kazi unayoniitia."

Meneja aliisoma ile karatasi, uso umekunjamana. "Mama, watu wengi wanaitaka nafasi hii. Wewe unaniletea orodha?"

Hapo mama alitamani kuomba radhi na kusema basi, 900,000 inatosha. Magoti yalimlegea. Alimkumbuka baba na mtoto kule nje, akakumbuka 81,700. Akajibu taratibu, "Nikija kwa 900,000, Mzee, baada ya miezi mitatu nitakuwa na madeni, na mtu mwenye madeni si mtu wa kumkabidhi vitabu vyako."

Kisha akanyamaza. Yule mama mstaafu alikuwa amemfundisha: "Ukishasema, nyamaza. Usijijibu mwenyewe." Ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko mahubiri.

Meneja akaita mtu wa utumishi. Walizungumza karibu saa nzima. Kuhusu mshahara, alisema 1,200,000 haiwezekani kwa sababu atampita mwenzake aliyepo, lakini anaweza kufika 1,100,000. Mama hakukubali wala kukataa. Aliuliza, "Wafanyakazi wanakula wapi mchana?" Kumbe wa ghala walikuwa na jiko lao, wa ofisini walijitegemea. Akaomba kampuni itoe chakula cha mchana kwa wa ofisini pia. Meneja akacheka, akasema, "Sufuria ni lilelile, ongezeni unga."

Hebu tuifanye hesabu hii pamoja, maana ina somo. Katika 1,100,000 NSSF ni 110,000, na kodi ni 125,500. Zinabaki 864,500, ambazo ni nyongeza ya 470,300 juu ya zile za zamani. Gharama mpya, ukitoa 65,000 za chakula, zinakuwa 352,000. Nafuu yetu ikawa 118,300. Yaani 1,100,000 pamoja na ugali wa mchana ilituzidishia nyumbani kuliko 1,200,000 bila ugali! Mtu anayeitazama namba moja tu, ile ya juu, hawezi kuliona jambo hili.

Saa za kazi zikawa saa 2 hadi saa 11 jioni siku tano, na Jumamosi hadi saa 7 mchana, jumla saa 45. Kwa ajili ya mtoto, mama atatoka saa 10 jioni mpaka mtoto atimize mwaka mmoja na nusu. NSSF itaanza mwezi wa kwanza. Tarehe ya kuanza ni 2 Oktoba 2023. Kodi ya nyumba walikataa kuilipa, ila walikubali kuikopesha bila riba, ikatwe 60,000 kwa miezi 12. Ahadi ya cheo walikataa kuiandika. "Tutaona," meneja alisema. Mama naye akaifuta katika hesabu zetu, kwa sababu "tutaona" hainunui unga.

Mama alisema, "Nashukuru, Mzee. Nitarudi na jibu mkataba ukiwa umeandikwa, baada ya kuusoma na mume wangu." Alipotoka nje, baba alikuwa amemlaza mtoto begani. Hakuuliza kiasi gani. Aliuliza, "Umetendewaje?" Hapo mama alilia kidogo, chini ya ule mwarobaini.

Yaliyofuata

Mkataba ulikuja baada ya siku tisa. Tuliusoma mara tatu, na mama mzee akausoma mara moja. Muda wa kunyonyesha ulikuwa umesahauliwa. Tuliurudisha, ukaongezwa. Ndipo mama akasaini, na ndipo, si kabla, alipompa mwajiri wake wa Morogoro notisi kamili ya siku 28. Hatukutaka kuondoka vibaya mahali tulipokula kwa miaka mingi.

Tusiwadanganye kwamba baada ya hapo ikawa asali. Bibi alilia alipochukuliwa mtoto. Mtoto wetu wa pili alianza kukojoa kitandani, akiwa darasa la tatu. Baba alijifunza kufua sare na kupika maharage, na majirani wengine wakasema ameachwa. Jumapili moja alisimama katika kipindi cha shuhuda akasema, "Mke wangu hajaniacha. Tuko kazini sote wawili." Tangu siku ile maneno yalipungua. Hayakwisha.

Mshahara wa kwanza ulipotoka, karatasi ya malipo haikuonyesha mchango wa NSSF. Mama angekuwa yule wa 2015, angenyamaza. Alichukua nakala ya mkataba akaenda utumishi, akaonyesha kifungu kwa kidole. Walisema ni kosa la mazoea, wakarekebisha mwezi uliofuata pamoja na ule uliopita. Karatasi moja ilifanya kazi ambayo machozi ya miezi minne yalishindwa kuifanya.

Juni 2024 treni ya reli mpya ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, safari zetu zikawa fupi. Mama alianza kufika Jumamosi jioni watoto wakiwa bado macho. Januari 2025 uhamisho wa baba ulipatikana, baada ya maombi mawili kukataliwa, na sasa tunaishi pamoja, bibi akiwemo. Nyumba ya Kihonda tumeipangisha. Cheo hakijaandikwa mpaka leo.

Tulichojifunza

Dada yetu unayesoma, huenda wewe au mumeo mmeitiwa kazi, iwe ya ofisini, ya shambani, ya hospitali au ya duka la mtu. Tunakuomba usiruke kwa furaha, wala usikimbie kwa hofu, kabla hujashika kalamu. Andika mshahara unaotajwa, toa makato, toa gharama za mahali pale, uone kinacholala nyumbani. Andika pia gharama zisizo na namba. Nani atamnyonyesha mtoto? Nani atamtazama mgonjwa? Kiti cha nani kitakuwa kitupu mezani?

Zungumza na mwenzio mpaka mfike kwenye lile linaloona aibu kutamkwa. Kwetu lilikuwa "utanizidi mshahara" na "naitaka kazi hii". Tungeyaficha hayo, hesabu zote zingekuwa za bure, kwa kuwa kila mmoja angekuwa anajumlisha kitu kingine.

Kisha omba, kwa maana zote mbili za neno hilo. Mwombe Mungu, na umwombe mwajiri. Katika Luka 14 Bwana wetu alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza akahesabu gharama. Alikuwa anafundisha jambo kubwa kuliko mishahara, la kumfuata yeye. Lakini tunaona alichukulia kwamba kila mtu mwenye akili huketi na kuhesabu.

Ile cherehani tuliyoiuza mwaka 2015 hatukuipata tena. Krismasi iliyopita tulinunua nyingine, kwa ile nafuu. Ipo dirishani, na bibi ndiye anayeishona. Juu yake, ndani ya mfuko wa nailoni, tumetundika nakala ya mkataba. Wageni huuliza kwa nini hatukutundika picha, nasi huwaambia wakae kwanza, chai inakuja, hadithi ni ndefu.

Mungu awabariki, na aibariki kazi ya mikono yenu.